Kipimo cha homoni kina wakati wake

Jamani mimi mwaka mzima niliambiwa ni mawazo tu. Naamka asubuhi jasho limenilowesha, mikono inatetemeka, naongea vitu havieleweki, siku moja nikamuuliza mtoto wangu mwenyewe eti we nani, halafu nikinywa chai yenye sukari muda si mrefu narudi kuwa mtu. Sasa nikifika hospitali chai nimeshakunywa, sukari iko sawa, insulini (homoni inayoshusha sukari) nayo iko sawa, narudi nyumbani na vidonge vya kutuliza.

Insulini peke yake haisemi kitu, isome na sukari ya dakika ileile. Sukari ikishuka, kongosho linatakiwa liache kumwaga insulini. Kama sukari iko chini ya 3.0 mmol/L (mashine za mg ni 55) na insulini bado ni 3 µU/mL au zaidi, kuna kitu kinamwaga bila breki, na kinaweza kuwa kivimbe cha kongosho, insulinoma. Yaani namba ileile iliyoandikwa "kawaida" kwenye karatasi ndo inaweza kuwa ugonjwa wenyewe!

Daktari wa homoni akanilaza wodini nifunge, maji tu, wanaweza kukupeleka mpaka masaa 72, mimi siku ya pili sikuimaliza. Nilipoanza kuropoka wakavuta damu kwanza ndo wakanipa sukari, wakapima sukari, insulini na si-peptidi (C-peptide) kwa pamoja. Hiyo si-peptidi ulizia, kongosho likitoa insulini na yenyewe inatoka, ila insulini ya sindano haina. Wakapima pia kama damuni kuna vidonge vya kushusha sukari, nilinuna kushukiwa kwamba navimeza kwa siri, ila vidonge hivyo vinatoa majibu yaleyale kabisa. Usijaribu kufunga hivyo nyumbani, unaweza kuzimia.

Sitiskani (picha ya CT) ikatoka safi. Hivi vivimbe vingi havifiki sentimita 2, changu kilionekana kwa ultrasaundi inayopitishwa mdomoni, na wasingeendelea kutafuta kama damu isingekuwa imeshasema.

Ila msikimbilie maabara kujipimia kila homoni, uvimbe wa hivi ni wa nadra. Na taja kila unachomeza, hata vidonge vya biotini vya nywele vinavuruga vipimo. Rafiki yangu alijipimia kromogranini A, kipimo cha damu cha kutafuta vivimbe vya aina hii, ikatoka juu, akalia wiki nzima, kumbe anameza omeprazo ya tumbo kila siku. Daktari akamsimamisha dawa kwa muda, akarudia, ikashuka.