Kumlalamikia Mungu baada ya kufiwa: je, ni kupoteza imani?

Dada, pole sana. Umeandika kwamba tangu binti yako mdogo afariki huwezi kusali, na kila ukisikia "Mungu ni mwenye rehema" moyo unakuwa mgumu. Umeuliza kama imani yako imekwisha. Ukauliza pia umjibu nini mwanao mkubwa anayetaka kujua kwa nini Mungu hakumponya mdogo wake. Nitajibu kwa urefu, maana nimepita huko, na baadhi ya majibu uliyopewa na wengine yamenichoma.

Kuna maswali mawili ambayo watu wanayachanganya. Moja ni kama Mungu yupo. La pili ni kama ana huruma, na kama anajua anachofanya. Kwa ulivyoandika, lako ni la pili. Sitakudanganya: wapo walioanza na la pili wakaishia kwenye la kwanza. Lakini wapo wengi pia waliokaa na la pili maisha yao yote huku wakiendelea kumwita Mungu huyo huyo wanayemlalamikia. Mimi ni mmojawapo.

Mdogo wangu alikufa kwa saratani ya damu baada ya kuugua muda mrefu. Dawa zilimletea vidonda mdomoni mpaka maji yenyewe yakawa mateso. Nilikuwa nachovya pamba kwenye kikombe, nakamua tone moja moja kwenye ulimi wake, naye anafumba macho, anangoja uchungu upite ndipo ameze. Tulifunga, tulikesha, watumishi walikuja kumwekea mikono. Kitanda cha jirani alikuwepo kijana mwenye ugonjwa ule ule, na jamaa zake walisema wazi kwamba mambo ya sala hawana. Akapona, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilimfurahia kwa dhati. Ila usiku ule swali liliniingia na halijatoka hadi leo. Kama hawezi kuponya, tungejua hawezi. Kama anaweza, amemchaguaje huyu akamwacha yule?

Msibani niliambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Waliosema walinipenda, siwalaumu. Lakini maneno yale yanamziba mdomo aliyefiwa: ukiendelea kulia, unaonekana unamsahihisha Mungu.

Ndipo nikarudi kumsoma Ayubu, safari hii wote, sura zote 42. Watu wengi tunamjua Ayubu wa mwanzo, yule wa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Tunaishia hapo. Sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anadai, anabisha, anataka Mungu aje wasimame mahakamani. Rafiki zake watatu walikuwa wamefanya vizuri mwanzoni: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo mambo yakaharibika, kwa kuwa walimtetea Mungu kwa hoja ambazo hawakuwa na uhakika nazo. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Mlalamikaji ndiye aliyeambiwa awaombee watetezi! Na jambo ambalo sikuwahi kulisikia likihubiriwa: msomaji anajua tangu mwanzo kilichotokea mbinguni, jinsi Shetani alivyoruhusiwa kumjaribu Ayubu, lakini Ayubu hakuambiwa kamwe. Mungu alimtokea, akazungumza naye kwa sura kadhaa, na sababu hakumpa.

Kwa hiyo anayekuja kwako na sababu tayari, amepata wapi kitu ambacho Ayubu alinyimwa?

Aliyekuandikia kwamba labda ni adhabu ya dhambi fulani, mwambie asome Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, na Yesu akasema hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akawaita waliomsikiliza watubu, ila kwa nini mnara ule uliwaangukia hao 18 hakueleza. Sina la kuongeza hapo.

Jibu linaloniumiza zaidi ni lile lililopata sifa nyingi: kwamba Mungu alimchukua binti yako mapema kwa sababu alijua angeharibika ukubwani. Hoja hiyo ni ya zamani, na Waislamu waliichambua vizuri kuliko wengi wetu. Husimuliwa kwamba al-Ash'ari, mwanazuoni wa Kiislamu wa Basra huko Iraq, aliyeishi karne ya 10, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i juu ya ndugu watatu. Mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili alikufa kafiri, wa tatu alikufa mtoto. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kutenda mema afikie daraja la kaka yake, ataambiwa nini? Mwalimu akajibu: ataambiwa Mungu alijua angekua akaasi. Al-Ash'ari akasema: basi yule kafiri atapiga kelele kutoka motoni, "Mola wangu, mbona mimi hukunichukua nikiwa mtoto?" Mwalimu akanyamaza. Al-Ash'ari aliachana na madhehebu ya mwalimu wake, lakini yeye hakumwacha Mungu. Alichokiacha ni ile dhana kwamba hekima ya Mungu tunaweza kuipigia hesabu na jibu likatoka.

Nami nimefika karibu na hapo. Sababu ya kifo cha mdogo wangu nimeacha kuitafuta. Kuuliza sijaacha. Rehema naiamini siku nyingine, siku nyingine siioni kabisa, na siku hizo nasoma Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila shukrani yoyote. Imeachwa humo katika Maandiko, na watu wanaisali. Yesu mwenyewe msalabani alisema "mbona umeniacha", na hakuna anayesema imani yake ilikuwa haba.

Usijilazimishe sala za sifa. Kama la kumwambia Mungu ni "sikuelewi" tu, mwambie hilo, uondoke. Na wageni wanaokuja na maelezo, una haki ya kuwaambia unahitaji wakae nawe tu.

Huyo mtoto mkubwa usimwambie kwamba Mungu alimpenda mdogo wake zaidi ndiyo maana akamchukua. Atalala akiogopa kupendwa. Mwambie hujui, na kwamba wewe pia umemuuliza Mungu swali hilo hilo. Akitaka mumuulize pamoja, muulizeni pamoja.