Re: Tairi 110/90-18 itaingia nyuma kwenye pikipiki CG125 ya zamani?

Mkuu, kuingia inaweza ikaingia, ila umesema rimu yako ya nyuma ni ile ile yenye upana wa inchi 1.85 iliyovaa tairi ya 3.00-18 (upana inchi 3, rimu ya kipenyo cha inchi 18), hapo ndo shida. Tairi ya 110, yaani upana wa milimita 110, inataka rimu kuanzia inchi 2.15, ukiibana kwenye nyembamba uso wake unavimba juu kama kitumbua, unatembelea kati tu, halafu kwenye kona inayumbayumba. Kwa hiyo upana unaolipia huupati.

Pili cheni. 3.00 ni kama milimita 76 hivi, ukienda 110 unaongeza karibu 17 kila upande na cheni iko pale pale. Kabla hujatoa hela weka gia fri, zungusha tairi taratibu, pima kutoka ubavu wa tairi mpaka cheni na mpaka mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu) upande ule mwingine, ukitoa hizo 17 isibaki chini ya 10 maana cheni ikilegea inapigapiga. Kuna mafundi wanasogeza tu tairi pembeni ipishane na cheni, mi sikubali hiyo, magurudumu hayafuatani tena na pikipiki inavuta upande mmoja.

Na hiyo tairi ni ndefu pia kwenda juu, kipenyo chake ni kikubwa, gia zinakuwa nzito, injini ya 125 ukipakia abiria mlimani utaisikia inalia, labda uongeze meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni.

Mimi ningefunga rimu ya 2.15 na 90/90-18, spoki mpya kabisa, basi. Madigadi cheki ukiwa umepakia mtu, tairi isiiguse.