Mavyaa wangu wa zamani kanishika mkono kwenye feri

SWALI: Assalam aleikum Bi, na shikamoo. Niliolewa Likoni, Mombasa, nikiwa msichana. Ndoa haikudumu, wala hatukujaaliwa mtoto. Nikarudi kwetu Voi, baadaye nikaolewa tena, na sasa naishi Nakuru. Juzi kazi ilinipeleka Ukunda. Nikashuka treni Miritini, nikafika feri jioni wakati watu wanarudi majumbani, kila mtu anasukumana. Nimesimama ubavuni, mkoba nimeukumbatia, nikahisi mkono umenikamata. Kugeuka, ni mavyaa wangu wa zamani, mama wa mume wangu wa kwanza, na kapu lake la ukili limejaa maembe. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alisema, "Umekonda. Hawakulishi huko?" Akanitia maembe mawili mkobani, akaniambia nikirudi nipite nyumbani nile. Feri ikatia nanga, watu wakatutenganisha. Sikupita. Nitarudi Ukunda hivi karibuni na moyo hautulii. Mume wangu nilimpa habari, akanyamaza. Niende, au nitakuwa nafukua makaburi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Nenda.

Kukutana kwenu pale si ajabu. Anayetoka kisiwani kwenda Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, njia yake ya miaka yote ni feri. Magari siku hizi yana barabara ya Dongo Kundu, lakini mama wa Likoni aliyetoka Marikiti na kapu lake hazunguki huko. Maadamu kazi yako iko Ukunda, utakutana naye tena, au na wifi yako, au na huyo mwanamume mwenyewe. Mimi naona bora uingie kwa mama kwa hiari yako, umeoga, umetulia, kuliko kushikwa mkono tena katikati ya mikokoteni.

Unadhani kwa kuwa ndoa ilivunjika na mtoto hakuna, basi yule mama si mtu wako. Talaka inamtoa mume. Hata sheria ya dini yetu haikufuta kila kitu: baba wa mume anabaki maharimu wako maisha, hawezi kukuoa hata mkiachana na mwanawe. Basi ikiwa mkwe mwanamume hageuki kuwa mtu baki, mavyaa aliyekufundisha jiko lake atageukaje?

Nimeyaona haya nyumbani kwetu Kuze. Kaka yangu alipomwacha mkewe, mama yetu hakumwacha. Kila Idi sahani ya biriani ilifunikwa kawa ikapelekwa kwa yule wifi, na kaka akinuna, mama alimwambia, "Wewe umeacha mke, mimi sijaacha mwana." Siku mama alipofariki, wifi alifika kabla ya jamaa wengi, akafunga leso kiunoni, akaingia kuosha maiti pamoja nasi. Hakuna aliyemwuliza amekuja kama nani. Ndiyo sababu nakujibu bila kusita.

Sasa mumeo. Ukimya wake usiufanye ruhusa wala katazo. Kaa naye, mwambie wazi kwamba unakwenda kumwona mama, si mwanawe, na umwambie siku na saa. Akitaka kufuatana nawe, mchukue. Mavyaa huyo nadhani atampakulia yeye kwanza. Asipokuwa na nafasi, nenda na mwanamke mwenzako. Tuma mtu mapema aulize nani atakuwepo nyumbani, na kama yule mwanamume bado analala kwa mama yake, chagua mchana akiwa kazini. Hilo ni kwa heshima ya wote watatu.

Mkono mtupu usiende. Pita Biashara Street ununue jozi ya leso, na tafadhali soma jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Usibabaishwe na rangi ya mji, yaani katikati ya leso, na ya pindo. Leso yenye fumbo la wivu au la kusutana, ukimpelekea mama wa mume uliyeachana naye, mtaa mzima utaisoma siku hiyo hiyo. Tafuta yenye dua au shukrani. Kisha mpe fundi azikate na kuzipinda, mama azifunge siku hiyo hiyo bila kuhangaika.

Na ule chakula chote. Amekwisha kukuambia umekonda.

SWALI: Bi, kwenye treni ya Nairobi niliketishwa uso kwa uso na mtu niliyesoma naye sekondari. Zamani nilimkopesha pesa za mahari, hakulipa, akabadilisha namba. Amepiga soga kutoka Miritini mpaka Syokimau kana kwamba hakuna kitu, na namba mpya akanipa. Nimdai?
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Mdai. Mtu anayekukwepa asingekupa namba yake. Pengine alingoja wewe uanze. Usimwandikie ujumbe mrefu wa lawama. Mpigie, mjulie hali, kisha taja kiasi na ilikuwa ya nini. Akisema hana zote, mkubaliane alipe kidogo kidogo kuanzia mwezi gani, halafu makubaliano hayo mtumie kwa simu yabaki kwa maandishi. Ukiona amedhoofika na wewe Mungu amekujaalia, msamehe kwa ulimi wako akusikie, asitembee na deni shingoni.