Maswali Yenu: Mkuu akisafiri, vipindi vinalala

SWALI: Ninaongoza sekondari ya kata yenye walimu 24. Nikiwepo, kila kitu kinakwenda. Nikiitwa halmashauri siku mbili tu, vipindi vinalala na saa sita ofisi ya walimu ni tupu. Niongeze ukali?
Mkuu wa shule, Kahama

JIBU: Mwalimu, ukali ndio uliokufikisha hapo. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake huko Marekani waliwaweka wavulana wa miaka kama 10 katika vikundi vya kazi za mikono, chini ya viongozi wa aina tatu: anayeamrisha, anayeshirikisha na anayewaacha wajifanyie. Vikundi vya amri vilichapa kazi kiongozi akiwa chumbani. Akitoka, kazi ilidorora. Vilivyoshirikishwa viliendelea karibu kama kawaida. Walimu si watoto, ila anayefanya kazi kwa kuogopa jicho huacha jicho likiondoka.

Anza na ratiba. Manung'uniko mengi huzaliwa huko. Tuseme una mikondo 12 yenye vipindi 40 kwa wiki: jumla 480, wastani wa 20 kwa mwalimu. Wastani huo unadanganya. Hisabati ikiwa na vipindi 6 kwa mkondo inafika 72, na kama walimu wake ni wawili, kila mmoja anabeba 36. Historia yenye vipindi 3 kwa mkondo na walimu wanne inampa kila mmoja 9. Ukiwapangia wote zamu sawasawa, usishangae yule wa 36 akikosekana darasani saa nane mchana.

Weka jedwali hilo ubaoni, mbele ya mwalimu wa taaluma na wakuu wa idara, kisha waachie wao kugawa upya zamu, kamati na usimamizi wa mitihani ya ndani. Sharti lako liwe moja: kila kipindi kiwe na mwenyewe. Kosa linaloua zoezi hili ni kuitisha kikao wakati uamuzi umeshaupitisha ofisini kwako. Walimu hung'amua mara moja, na kikao kinachofuata kila mtu anainamia simu yake.

Kabla ya kusafiri, mkaimishe makamu kwa maandishi na utaje anachoweza kuamua bila wewe: ruhusa ya siku moja, kubadilishana vipindi, fedha ya kumfikisha mwanafunzi mgonjwa zahanati. Makamu anayelazimika kukupigia simu kwa kila jambo ni mlinzi wa funguo tu. Daftari la vipindi lijazwe na monita, mwalimu asaini, na mwalimu wa taaluma ajumlishe kila Ijumaa. Matokeo yatoe kwa idara; ukisoma majina kikaoni umerudi kulekule. Jipe muhula mzima. Wiki za mwanzo huenda hali ikawa mbaya zaidi, maana waliozoea kuamrishwa watakupima kwanza.

Na si kila jambo la kujadiliwa. Usalama wa mitihani ya taifa na usalama wa wanafunzi dhidi ya mwalimu yeyote ni amri, basi.

SWALI: Mkuu wetu wa idara chuoni ni mpole, hamwingilii mtu. Lakini mwaka wa pili huu hatujakaa kikao, na sijui faili langu la kupandishwa cheo limekwama wapi. Upole huu una kosa gani?
Mhadhiri msaidizi, Dar es Salaam

JIBU: Unawaumiza wadogo. Profesa ana mtandao wake. Anajua amwone nani. Wewe unategemea utaratibu, na utaratibu usiposimamiwa, kozi za mwaka wa kwanza zenye wanafunzi 400 huangukia kwa asiye na sauti. Ni kweli kwamba mkuu wa idara chuoni ni mwenzenu aliyepewa dhamana kwa muda, kesho anarudi darasani kama ninyi, kwa hiyo hawezi kuamrisha kama mkuu wa shule. Kuitisha kikao, hata hivyo, si kuamrisha.

Mwandikie ukiomba ajenda mbili tu: jedwali la mzigo wa kufundisha (kozi, idadi ya wanafunzi, miradi unayosimamia) na hatua ya kila ombi la kupandishwa. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, andika kwa Amidi (mkuu wa kitivo), K.K. (kupitia kwa) mkuu wa idara. Ukimruka, barua itarudishwa na utaonekana mkorofi. Kazi zako ziingize PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati. Usisubiri kukumbushwa na mtu asiyekumbusha.

SWALI: Mkuu wetu hutukaripia mstarini mbele ya wanafunzi. Ana haki hiyo?
Mwalimu, Songea

JIBU: Hana. Katika nidhamu ya utumishi, karipio ni adhabu: mwalimu huelezwa kosa kwa maandishi, hujieleza, ndipo uamuzi hutolewa. Makosa mazito ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwone faragha siku hiyohiyo na umtajie tukio moja, si tabia yake yote. Likijirudia, andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kisha umpelekee Afisa Elimu Kata, nakala kwa mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT) shuleni. Msiende kundi zima ofisini kwake. Hilo litaitwa mgomo, na hoja yenu itasahaulika.