Una F-1 na unataka kujaza 1040? Hesabu miaka yako kwanza

Mdogo wangu, funga hiyo programu ya kujaza kodi sasa hivi. Usitume kitu.

Umeandika kwamba uliingia Marekani Agosti 2022 kwa viza ya mwanafunzi, F-1, chuo umemaliza, sasa uko kazini kwa OPT, kibali cha kufanya kazi kwa muda chini ya viza hiyo hiyo, na W-2 ya 2025, karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato, imeshafika. Mwenzako wa chumba anakwambia ujaze 1040, fomu ya kodi ya mkaazi, kama yeye, "hela inarudi nyingi". Halafu unauliza programu ipi ni nafuu, kodi ya jimbo inakwendaje, na pango la nyumba yenu ya Arusha linaingia wapi. Kabla ya hayo yote kuna swali moja ambalo hukuuliza: kwa mwaka 2025, sheria ya kodi ya Marekani inakuhesabu mkaazi au hapana?

Hapana. Fomu yako ni 1040-NR, ya asiye mkaazi, na 8843, ya kueleza kwa nini siku zako hazihesabiwi, unaambatanisha.

Mwanafunzi wa F-1 siku zake hazihesabiwi kwa miaka mitano ya kalenda, na mwaka wa kuingia ni mwaka mzima hata kama ulishuka kwenye ndege tarehe 31 Desemba. Kwako ni 2022, 2023, 2024, 2025 na 2026. Ukiwa bado upo 2027, siku zako ndipo zitakapoanza kuingia kwenye kipimo cha siku 183, kile kinachoamua nani ni mkaazi. OPT haibadilishi hesabu hii, kwa sababu bado ni F-1 ile ile. Namba ya Social Security haibadilishi. Leseni ya udereva, mkataba wa nyumba, gari la mkopo, hakuna hata kimoja kinachokufanya mkaazi mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Ninakereka kwa sababu mimi nilipitishwa njia hiyo hiyo. Niliingia 2017. Kwenye jumuiya yetu kulikuwa na kaka mmoja, msimu wa kodi ukifika anafungua kompyuta baada ya ibada na kuwajazia watu ritani, yaani fomu za kodi za mwaka, kwa malipo. Kila mtu alimsifu kwamba "anajua kuzitoa". Hakuwahi kuniuliza nina viza gani! Programu ilipouliza kama mimi ni mkaazi, akaweka tiki ya ndiyo na kuendelea. Nilipomtajia 1040-NR, ambayo nilikuwa nimeisikia chuoni, akanijibu kwamba hiyo ni ya watalii. Ritani yangu ya 2018 akaijaza hivyo, na ya 2019 vilevile.

Hela zilirudi kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Zilirudi kwa sababu nilipewa punguzo la jumla ambalo mkaazi hukatiwa kwenye kipato kabla ya kodi, na sisi hatuna haki nalo. Juu yake akaniombea nafuu ya karo, ile inayofika dola 2,500 na ambayo sehemu yake, hadi dola 1,000, hulipwa taslimu hata kama hudaiwi kodi. Hiyo nayo si ya asiye mkaazi. Ikaja 2020 na korona, serikali ikagawa dola 1,200 kwa kutazama ritani za 2019 au 2018, na kwa kuwa zangu zilisema mimi ni mkaazi, nami nikatumiwa.

Miaka ikapita kimya. Mwajiri alipoanza kushughulikia grini kadi yangu, mwanasheria akaomba ritani zote za nyuma. Akasoma viza, akasoma 1040, akasema hapeleki chochote mpaka hizi zirekebishwe. Ikabidi kujaza 1040-X, fomu ya kurekebisha, kwa kila mwaka, na 1040-NR sahihi nyuma yake. Punguzo likarudishwa, nafuu ya karo ikarudishwa, dola 1,200 zikarudishwa, ritani za jimbo nazo zikafumuliwa upya. Na riba! IRS hupiga riba kila siku, riba juu ya riba, tangu tarehe ile kodi ilipotakiwa kulipwa. Ada ya mhasibu ni mzigo mwingine.

Na yule kaka? Sheria inamtaka yeyote anayelipwa kujaza ritani ya mtu awe na PTIN, namba ya IRS ya wajazaji wa kulipwa, na aisaini ritani hiyo. Yeye hakusaini hata moja. Karatasi zote zilikuwa na jina langu tu, chini ya maneno kwamba ninathibitisha na nikisema uongo nitaadhibiwa. Akiwepo mtu wa namna hiyo kwenye mtaa wenu, mwombe PTIN kabla hujampa W-2. Akianza kukwepa, ondoka.

Usidanganywe pia na rafiki Mhindi. Mwanafunzi wa India anapata lile punguzo la jumla kwa mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani. Tanzania haina mkataba huo na Marekani, Kenya haina, Uganda haina.

Hela ambayo huenda ni haki yako iko kwingine. Tazama W-2 yako, kisanduku cha 4 na cha 6. Hayo ni makato ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee), jumla asilimia 7.65 ya mshahara. Mwenye F-1 asiye mkaazi hatakiwi kukatwa kwa kazi iliyoruhusiwa na viza yake, na OPT imo. Kwenye mshahara wa dola 50,000 ni dola 3,825. Waajiri wengi hawalijui hili. Mwandikie mwajiri kwanza akurudishie. Akikataa, unapeleka IRS fomu 843, ya kudai kurudishiwa, pamoja na 8316 inayoiambatana. Hiyo ni safi, na hakuna mwanasheria atakayekunja uso akiiona.

Programu hiyo ya Wamarekani achana nayo, nyingi hazina 1040-NR kabisa. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako. Vyuo vingi hulipia programu ya wasio wakaazi. Mwisho ni 15 Aprili.

Mwenzako wa chumba naye aliingia lini, na kwa viza gani? Na wewe, uliwahi kuja kabla ya 2022 kwa viza ya F au ya J (ile ya programu za kubadilishana), hata kwa miezi michache? Miaka hiyo inaingia kwenye mitano. Andika hapa miaka na aina za viza tu, usiweke namba yoyote, nami nitakuhesabia leo usiku.