Maswali ya wasomaji: Dawa ya mafua na mtoto anayeweweseka

Swali: Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka minane. Karafuu zikianikwa hapa uani hupiga chafya kutwa na pua humziba. Mwezi uliopita aliandikiwa kidonge cha kutafuna cha montelukasti, miligramu 5, kila usiku. Wiki ya pili akaanza kuamka analia na kuweweseka, na chuoni anapigana na wenzake, mtoto ambaye hakuwa mgomvi. Bibi yake anasema ni shetani, asomewe. Nishike lipi?
Mama, Wete

Jibu: Waaleikumu salaam. Usimpe kidonge cha leo usiku, na kesho asubuhi nenda naye kituoni alikoandikiwa. Kusomewa asomewe, hakuna ubaya, ila dawa isiendelee huku mkisubiri kisomo.

Uliyoyaeleza yanalingana na madhara yanayojulikana ya montelukasti: ndoto za kutisha, kukosa usingizi, hasira, ugomvi, wasiwasi, huzuni, kuona visivyokuwapo, na kwa wachache fikra za kujidhuru. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye maelezo ya dawa hii. Ikasema pia kwamba kwa mafua ya mzio itumike pale tu dawa nyengine ziliposhindwa au mgonjwa asipozivumilia.

Kipimo hakikukosewa. Miligramu 5 ndiyo dozi ya miaka 6 hadi 14. Wa miaka 2 hadi 5 hupewa 4, na kuanzia 15 hupewa 10. Dhara hili humpata hata anayekula dozi sahihi, kwa hivyo kumkatia nusu kidonge si suluhisho. Dawa huzuia kemikali za mwili zinazovimbisha pua na njia za hewa, lakini hupenya pia kufika kwenye ubongo. Wengi huitumia salama, na hakuna kipimo cha kumjua mapema atakayedhurika.

Nenda na pakiti, pamoja na karatasi yenye tarehe tatu: siku aliyoanza dawa, usiku wa kwanza aliposhtuka, na siku mliyoacha. Dhara hili halionekani kwenye damu. Daktari hulitambua kwa kufuata tarehe. Kwa kawaida mtoto hutulia akishaacha, ila wapo wanaobaki na dalili kwa muda, na wapo ambao dalili huwaanza baada ya kuacha. Endelea kuandika. Mwombe daktari pia apeleke taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA.

Kama ana pumu, usingoje kesho: wasiliana na kituo leo leo, kwa sababu kuacha bila kuwekewa dawa badala kunaweza kumbana kifua. Pampu zake asizikose hata siku moja.

Kwa pua, ulizia dawa ya steroidi ya kupuliza. Huchukua hadi wiki mbili kukamilika nguvu, na watu huitupa siku ya tatu wakidhani haifai. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, wa kushoto upulize la kulia, ncha ielekee sikio la upande huo huo. Ukielekeza ukuta wa katikati, pua huweza kutoka damu. Setirizini au loratadini hutuliza chafya. Na majamvi ya karafuu yatandikwe mbali na dirisha la chumba chake.

Swali: Mtoto wangu wa miaka minne nikimpa Piriton ya maji ili alale, harukwi na usingizi tu, bali hukimbia nyumba nzima hadi alfajiri. Ni bandia?
Baba, Chake Chake

Jibu: Si lazima. Kiungo cha Piriton, klorofeniramini, huingia kwenye ubongo. Watu wengi huwalaza, lakini baadhi ya watoto huwachangamsha kupita kiasi. Usiitumie kulazia. Ikiandikwa kwa mzio, soma chupa: yenye miligramu 2 katika mililita 5, mtoto wa umri wake hupewa mililita 2.5, kwa kipimo cha chupa au bomba lisilo na sindano. Kijiko cha kulia wali hubeba takribani mililita 15, mara sita ya hiyo. Dawa nyingi za maji za mafua zina kiungo hicho hicho, kwa hivyo usichanganye chupa mbili. Akianza kuona vitu visivyokuwapo, moyo kumwenda mbio au kupata degedege, mkimbize hospitali.

Swali: Nina miaka 16. Miezi miwili nakula kidonge kimoja chenye montelukasti na levosetirizini. Sina hamu na skuli wala marafiki, na usiku hunijia fikra kwamba bora nisiwepo. Nyumbani sijasema.
Msomaji, Unguja

Jibu: Mwanetu, umefanya vyema kuandika. Hukosi imani wala huna akili mbovu. Huenda ni dawa, na huenda kuna jengine, na yote mawili yana matibabu. Acha kidonge hicho. Sasa hivi mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, mama, shangazi au mwalimu, maneno haya haya uliyotuandikia, na usilale peke yako usiku wa leo. Nendeni hospitali leo, hata ikiwa usiku. Ukiwa mjini, Mnazi Mmoja. Nendeni na pakiti, na huko nyumbani dawa zote afunge mtu mwengine na ufunguo akae nao yeye.