Jibu: Je, kampeni dhidi ya Kony ilisaidia?

Ndugu, umeuliza kama kampeni ya shirika la Kimarekani la Invisible Children dhidi ya Joseph Kony na kundi lake la waasi kutoka Uganda, Lord's Resistance Army (LRA), ilileta faida yoyote. Naamini ilileta, ila si kupitia ile video yao ya Machi 2012, "Kony 2012", iliyotaka Kony ajulikane duniani ili akamatwe, na iliyotazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Kufikia wakati huo LRA ilikuwa imeondoka Uganda kwa miaka kadhaa, na hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) ya kumkamata Kony ilikuwepo tangu 2005. Video ilipooneshwa Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda ulioumizwa na LRA, watazamaji walikasirika hadi mawe yakarushwa. Na walikuwa na haki, kwani sura ya mtesi wao ilichapwa kwenye mabango na fulana huku majeraha yao yakiguswa kwa kupita tu.

Kazi ya shirika hilo ninayoiheshimu ni ile isiyovuma: simu za upepo (redio za mawasiliano) zilizofungwa vijijini kaskazini-mashariki mwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako LRA ilikuwa imehamia, ili kijiji kilichoshambuliwa kiwaonye majirani, pamoja na vipeperushi vilivyodondoshwa msituni kuwasihi wapiganaji, wengi wao waliotekwa wakiwa watoto, warudi nyumbani.